Kwetu Mtunda Hakuna Jiwe: Tope la Rufiji na Mabara Yanayotembea

Mtu akiniuliza nasoma nini hapa chuoni, nikamjibu jiolojia, swali la pili huwa ni lilelile: "Kwenu kuna madini?" Nikisema kwetu ni Mtunda, wilaya ya Kibiti, anacheka. Sawa, acheke. Kwetu hakuna madini, hakuna mlima, na kusema kweli hakuna hata jiwe. Mafiga ya jikoni ni vinundu vya udongo wa kichuguu. Kokoto za kujengea zinakuja kwa lori. Anayechimba kisima anapita udongo, mchanga, udongo tena, mpaka anafika kwenye maji, na mwamba hajakutana nao.

Ndugu msomaji, nataka kukuonyesha kwamba mahali pasipo na jiwe ndipo pazuri pa kujifunzia jinsi mawe yanavyozaliwa. Tena tope hilohilo tunalolikanyaga linatupeleka kwenye jambo ambalo wanasayansi wengi walilikataa kwa karibu miaka 50, kwamba mabara yanatembea. Mwishoni nitasema kwa nini mambo haya si ya mtihani tu, maana yanagusa ardhi ya watu.

MAWE NI YA AINA TATU, LAKINI HAKUNA ANAYEHITIMU

Tuanze na desa. Miamba imegawanywa katika makundi matatu. Miamba moto ni ile iliyotokana na uji wa mawe yaliyoyeyuka ukapoa, ama juu ya ardhi kwenye volkano, ama chini kabisa, polepole. Miamba tabaka inatokana na vipande vya mawe mengine, yaani mchanga na tope, pamoja na magamba ya viumbe, vitu vilivyolundikana, vikashindiliwa, vikagandishwa pamoja. Miamba geu ni mwamba wowote uliobanwa na kupikwa chini ya ardhi mpaka ukabadilika sura bila kuyeyuka.

Wengi tulikariri hayo tangu sekondari, na shida ilianzia hapo. Tuliyakariri kama makabila matatu, kwamba jiwe likizaliwa graniti litakufa graniti. Sivyo. Afadhali uyafikirie kama mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu: mwanafunzi ni yuleyule. Tofauti na sisi ni kwamba jiwe linaweza kutoka mwaka wa tatu likarudi wa kwanza, likaruka wa pili, likarudia mwaka uleule mara kumi, na hakuna siku litakayovaa joho. Huo ndio mzunguko wa miamba. Hauna mwanzo maalumu wala mahafali.

TOPE LA MTUNDA LIMETOKA WAPI?

Babu yangu analima mlau. Kwa msomaji asiye wa Rufiji, mlau ni kilimo cha kufuata maji. Mto ukifurika unalala mashambani. Ukirudi unaacha tope jipya lenye unyevu, na humo watu wanapanda mahindi, kunde na mboga bila kusubiri mvua nyingine, wala mbolea ya dukani. Likizo moja alichota tope kwa jembe akanionyesha. "Mjukuu wangu, wewe unayesoma mambo ya ardhi, hebu niambie, hili shamba mto umeliiba kwa nani?"

Sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo, hata na maprofesa. Jibu lake ni refu kidogo.

Bonde la Rufiji lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 177,000. Ni karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Maji ya eneo lote hilo yanapita mlangoni kwetu, na kila tone limebeba kitu. Mito mikubwa inayouunda Rufiji ni mitatu, na kila mmoja unapita kwenye mawe ya aina yake.

Wa kwanza ni Ruaha Mkuu. Chemchemi zake ziko kwenye milima ya Poroto na Kipengere, kule Mbeya na Njombe. Poroto ni nchi ya volkano, majirani wa mlima Rungwe. Karibu na Rungwe kuna Kiejo, volkano ambayo ilimwaga lava miaka kama 200 tu iliyopita. Kwa hiyo sehemu ya mzigo wa Ruaha inatoka kwenye miamba moto.

Wa pili ni Kilombero, ambao watu wengine wanauita Ulanga, na ndio unaoleta maji mengi kuliko wenzake. Unakusanya vijito vinavyoporomoka kutoka Udzungwa. Milima ile ni miamba geu, na jamaa maarufu zaidi anaitwa naisi. Ukimwona utamjua kwa mistari myeupe na myeusi, kama pundamilia aliyekunjwakunjwa. Mistari hiyo ni alama ya kupikwa. Mwamba ule uliwahi kuwa chini sana ardhini, ukabanwa kwenye joto kali miaka milioni 550 hadi 650 iliyopita. Baadhi ya miamba ya ukanda wa Usagara, upande wa kaskazini, ilishapikwa hivyo miaka bilioni 2 iliyopita.

Wa tatu ni Luwegu, unaotoka kusini, upande wa Songea na Namtumbo. Huu unakatiza nchi ya miamba tabaka inayoitwa Karoo. Ni mchanga na tope la kale, la kati ya miaka milioni 300 na 200 iliyopita, lililokwisha kuwa mawe. Urani ya mto Mkuju, ambayo umeisikia kwenye taarifa ya habari, imo ndani ya mawe hayo ya mchanga.

Kwa hiyo, babu, jibu ni hili: shamba lako limeibwa Mbeya, Njombe, Iringa, Morogoro na Ruvuma. Katika kiganja kimoja cha tope la Mtunda kuna miamba moto, miamba geu na miamba tabaka. Mzunguko mzima unakaa kwenye kiganja.

Lakini mwamba unageukaje tope? Jua linaupasha, usiku unapoa, unapata nyufa. Mizizi inaingia kwenye nyufa. Maji ya mvua yana asidi kidogo, hivyo yanakula madini laini na kuyageuza udongo wa mfinyanzi. Madini magumu, hasa kwatzi, hayaliki, ndiyo yanabaki kuwa mchanga. Vile vipande vyembamba vinavyometameta kwenye mchanga wa mto ni ulanga, kitu kilekile wachimbaji wa Morogoro walichokuwa wakikibandua kama kurasa za kitabu.

Kisha mto unachambua. Ukiwa mlimani una kasi, unaviringisha mawe makubwa. Ukifika chini mwinuko unapungua, nguvu inapungua, unaanza kutua mzigo: kwanza mawe, halafu kokoto, halafu mchanga, na mwisho kabisa lile tope laini kama uji. Ndiyo maana Mtunda hakuna jiwe. Hatukunyimwa, tuko mwisho wa foleni tu.

TOPE LINAKWENDA WAPI?

Sehemu ya tope inabaki kwenye mashamba ya mlau. Sehemu inanaswa na mizizi ya mikoko. Delta ya Rufiji ina mikoko takriban hekta 53,000, msitu mkubwa wa mikoko kuliko wote Afrika Mashariki, na kazi yake moja kubwa ni kushika tope lisikimbie. Lililobaki linaingia baharini, upande wa mkondo unaotutenganisha na Mafia.

Ukitaka ushahidi wa jinsi tope letu linavyomeza vitu, kuna manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 100. Mwaka 1914 ilikimbilia kwenye vijito vya delta kujificha, Waingereza wakaizingira kwa miezi mingi, na Julai 1915 ikaangamizwa humohumo. Kwa miaka mingi mabaki yake yalionekana. Kisha kikachukuliwa chuma kilichochukuliwa, na kilichobaki kikazama kwenye tope. Kama tope linaweza kumeza manowari katika muda wa maisha ya mtu mmoja, fikiria linafanya nini katika miaka milioni moja.

Linafanya hivi. Tope jipya linalala juu ya la zamani. La chini linaelemewa, maji yanakamuliwa, chembe zinasogeleana. Kadiri linavyozikwa joto nalo linapanda, kwa wastani nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita ya kwenda chini. Maji yanayopenya katikati ya chembe yanaacha chokaa au silika, ambayo inakuwa kama saruji. Baada ya muda mrefu sana, mchanga umekuwa jiwe la mchanga.

Hii si nadharia ya ubaoni. Kusini kidogo ya delta kuna kisiwa cha Songo Songo, ambako gesi iligunduliwa mwaka 1974 na tangu 2004 inazalisha umeme Dar es Salaam. Gesi ile haikai kwenye pango, kama watu wanavyofikiri. Inakaa kwenye vitundu vidogo katikati ya chembe za jiwe la mchanga, mchanga ulioletwa na mito ya kale zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Umeme uliokuwashia taa ya hosteli ukadesa usiku kucha umewahi kutegemea kazi ya mto uliokufa zamani, mto uliofanya hasa kile ambacho Rufiji unakifanya leo.

Na jiwe hilo likizikwa zaidi, likabanwa kati ya nchi mbili zinazosukumana, litageuka naisi. Likizidi kupashwa litayeyuka. Milima itainuka tena, mvua itanyesha tena. Sasa swali: ni nani anayesukuma nchi zisukumane? Hapo ndipo mzunguko wa miamba unapotuingiza kwenye hadithi ya mabara.

MWAKA ULEULE WA 1915

Mwaka ambao Königsberg ilizama kwenye tope letu, Mjerumani mwingine, Alfred Wegener, alichapisha kitabu. Alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa, alijeruhiwa vitani, na alikuwa ametangaza wazo lake tangu Januari 1912: kwamba zamani mabara yote yalikuwa kitu kimoja, kisha yakaachana. Alionyesha kwamba ukingo wa Brazil unaingiana na ukingo wa Afrika Magharibi. Alionyesha kwamba mabaki ya Mesosaurus, mtambaazi mdogo wa majini asiyeweza kuogelea bahari ya Atlantiki, yako kusini mwa Afrika na yako Brazil.

Wengi walimcheka. Hoja yao haikuwa ya kijinga: bara litatembeaje juu ya mwamba mgumu, na injini iko wapi? Wegener hakuwa na injini. Alifia kwenye barafu ya Greenland mwaka 1930 bila kukubaliwa.

Mtu mmoja aliyekaribia kuipata injini alikuwa ameshawahi kufanya kazi upande wetu. Arthur Holmes, Mwingereza, mwaka 1911 alikwenda Msumbiji kutafuta madini, akaambulia malaria. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1920, alisema kwamba ndani ya dunia, ingawa mwamba ni mgumu, joto linaufanya uzunguke polepole sana, kama uji mzito kwenye sufuria: wa moto unapanda, uliopoa unashuka. Mabara yanabebwa juu yake. Kwa jumla alikuwa kwenye njia sahihi. Leo tunajua kwamba ganda la dunia limevunjika kuwa mabamba, na kwamba bamba zito la chini ya bahari linapozama kwenye kina linavuta lililobaki nyuma yake.

Vitabu vyetu vinapenda kutoa ushahidi wa Brazil. Mimi nasema tusiende mbali, kwa sababu ushahidi tunao nyumbani.

Ushahidi wa kwanza ni barafu. Kule Ruhuhu, kati ya Ludewa na Songea, chini kabisa ya miamba ya Karoo, kuna tabaka la mawe yaliyochanganyika ovyo, makubwa kwa madogo, ndani ya tope lililogeuka jiwe. Mto hauwezi kufanya hivyo, maana tumeona mto unachambua. Kinachobeba vyote na kuvitupa bila kuchagua ni barafu. Miaka milioni 300 hivi iliyopita, sehemu hiyo ya Tanzania ilikuwa na barafu! Juu ya tabaka hilo kuna makaa ya mawe, kama yale ya Mchuchuma, yenye alama za majani ya mmea unaoitwa Glossopteris. Sasa vuka bahari uende kusini magharibi mwa Madagaska, mahali panapoitwa Sakoa. Unakuta mpangilio uleule: chini mawe ya barafu, juu makaa ya mawe yenye majani yaleyale. India vilevile, Afrika Kusini vilevile, Brazil vilevile. Ama mabara yote haya yalipata bahati moja kwa wakati mmoja, ama yalikuwa shamba moja, karibu na ncha ya kusini ya dunia.

Ushahidi wa pili ni chumvi na mijusi. Bara halipasuki kwa siku moja. Linanyooka, linapata bonde, bahari inaingia kidogo, jua linaikausha, chumvi na jasi vinabaki. Wilaya ya Kilwa, upande wa Mandawa, chumvi nene imezikwa ardhini, na jasi inachimbwa Kilwa hadi leo. Ni alama za bahari changa iliyokuwa ikijaribu kuingia Madagaska ilipoanza kubanduka.

Nenda kusini zaidi, Tendaguru, mkoa wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, kazi kubwa ikifanywa na mamia ya Watanganyika chini ya msimamizi Boheti bin Amrani. Mmoja wa dinosaria hao amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, urefu wake kwenda juu ni zaidi ya mita 13. Watu wanabishana kama arudishwe, na mjadala huo ni muhimu, ila mimi leo nataka uangalie mawe aliyokuwemo. Tabaka la mifupa ya wanyama wa nchi kavu linafuatwa na tabaka la magamba ya viumbe wa baharini, halafu mifupa tena, halafu magamba tena. Miaka milioni 150 iliyopita Lindi ilikuwa ufukweni: bahari inaingia, inatoka, inaingia. Ni bahari ileile iliyokuwa ikipanuka nyuma ya Madagaska.

Ushahidi wa tatu ni sumaku, na huu ndio uliomaliza ubishi. Lava ikipoa, madini ya chuma yaliyomo yanajipanga kuelekea ncha ya sumaku ya dunia, kisha yanagandia hapohapo kama dira iliyokwama. Dunia nayo ina tabia ya kubadilisha ncha zake za sumaku: kaskazini inakuwa kusini, halafu inarudi. Kwa hiyo mahali ambapo sakafu ya bahari inapasuka na lava mpya inajaza ufa, unapata michirizi: ya sumaku ya kawaida, ya sumaku iliyopinduka, ya kawaida, na kila mchirizi una pacha wake upande wa pili wa ufa. Ni kama risiti iliyochapishwa na sakafu ya bahari. Mwaka 1963 Waingereza wawili, Vine na Matthews, walieleza jambo hili, na katika miaka michache wengi wa waliokuwa wakimcheka Wegener walinyamaza.

Mwaka 1983 Rabinowitz, Coffin na Falvey walichapisha kazi yao juu ya michirizi iliyo chini ya bahari ya Somalia, kaskazini ya Madagaska. Michirizi inakwenda takriban mashariki hadi magharibi. Maana yake Madagaska haikuondoka kwa kwenda mashariki, kama mtu angetazamia akiangalia ramani. Iliteleza kwenda kusini. Zamani ilikuwa imebanana na pwani ya Tanzania, Kenya na Somalia, yaani majirani zetu hasa. Iliteremka ikifuata mstari mmoja mrefu chini ya bahari unaoitwa Davie, unaopita mbele ya pwani yetu.

Tupige hesabu. Safari ilianza kama miaka milioni 165 iliyopita, ikaisha kama miaka milioni 120 iliyopita. Ni miaka milioni 45. Umbali ni zaidi ya kilomita 1,000. Gawanya: unapata sentimita 2 na ushee kwa mwaka. Ukucha wako unakua haraka kuliko hapo. Kisiwa kizima kilisafiri kwa mwendo wa chini ya ukucha, na kimefika kilipofika.

BADO TUNATEMBEA

Usidhani hadithi imekwisha. Tarehe 12 Agosti 2020, saa 2 usiku na dakika kadhaa, watu wa Dar es Salaam walikimbia kutoka ghorofani. Tetemeko la ukubwa wa takriban 6 lilikuwa limetokea chini ya bahari, kusini mashariki mwa jiji. Wengi waliuliza: tetemeko Dar? Si mambo ya Kagera hayo, kule kulikotikiswa Septemba 2016? Lakini chini ya bahari yetu kuna nyufa za zamani, za tangu siku za Madagaska, na nyufa hizo zimeanza kutumika tena.

Sababu ni kwamba Afrika yenyewe inagawanyika. Upande mmoja ni bamba la Nubia, upande mwingine ni bamba la Somalia, na kati yao kuna Bonde la Ufa. Setilaiti zilezile zinazoonyesha simu yako iko mtaa gani zinaweza, kwa vifaa makini, kupima mwachano huo: ni milimita chache kwa mwaka. Volkano za Rungwe na Kiejo zimekaa palepale ufa unapogawanyika. Unaona kamba inavyorudi? Ufa unazaa volkano, volkano inazaa miamba moto ya Poroto, Ruaha unaimega, na mlau wa babu unapata tope. Mwendo wa mabara ndio injini ya mzunguko wa miamba. Bila mabamba kusogea, milima ingekwisha kusagika zamani, mito ingebaki haina cha kubeba, na Kibiti isingekuwa na delta.

MZUNGUKO UKIZIBWA NJIANI

Sasa jambo lililonifanya niandike.

Delta si ardhi iliyomalizika. Tope lake linaendelea kukamuliwa maji na kushuka kwa uzito wake lenyewe. Kinachoifanya ibaki juu ya bahari ni tope jipya la kila mwaka. Ni kama akaunti yako ya bumu: inatoka kila siku, na kama haingii, unajua mwisho wake.

Ruaha ulishazibwa zamani, Kidatu mwaka 1975 na Mtera mwaka 1980, kwa ajili ya umeme. Lakini Kilombero na Luwegu zilikuwa zinapita. Desemba 2022 lilianza kujazwa Bwawa la Julius Nyerere pale Stiegler's Gorge, la megawati 2,115. Mahali lilipo ni chini ya makutano ya mito yote mitatu. Mzigo wa Poroto, wa Udzungwa na wa Karoo, wote unafikia kwenye maji yaliyotulia, na maji yakitulia mchanga unazama, na tope jingi pia. Halafu maji yanayotoka upande wa pili ni mepesi. Maji yaliyotua mzigo yana nguvu za ziada, na nguvu hizo yanazitumia kula kingo na kitanda cha mto.

Wenzetu wa Misri walishapita njia hii. Bwawa Kuu la Aswan lilikamilika mwaka 1970, na tangu hapo pwani ya delta ya Nile imekuwa ikiliwa na bahari, hasa karibu na Rashid, kwa sababu tope lililokuwa likiijenga limebaki nyuma ya ukuta.

Sisemi bwawa lisingejengwa. Umeme tunauhitaji, na hata huku kwetu watu wanataka taa. Wala sisemi mafuriko ni neema tupu: mafuriko ya Aprili 2024 yalisomba mashamba na nyumba za watu Rufiji na Kibiti, na aliyelala shuleni na watoto hataki kusikia mhadhara juu ya rutuba. Ninachosema ni kwamba mto unaleta vitu viwili, maji na tope. Maji tunayapima kila siku, tunayagawa, tunayajadili bungeni. Tope nalo lihesabiwe. Lina wenyewe.

Hapa kuna kazi kwa karibu kila kitivo. Wa uhandisi: kuna njia za kupitisha sehemu ya tope bwawani, kwa kufungua milango ya chini wakati maalumu, na zinafaa kujadiliwa kwa Rufiji. Wa misitu: mikoko ikikatwa, hata tope dogo litakalofika halina wa kulishika. Wa sheria: mkulima wa mlau ana haki gani juu ya rutuba iliyozuiwa kilomita nyingi juu yake? Wa jiografia na jiolojia, wenzangu: utafiti wetu wa mwaka wa tatu hauhitaji mashine ya mamilioni. Nguzo yenye alama ikichimbiwa kwenye mlau na nyingine kwenye mikoko, ikasomwa kila msimu na watu wa kijiji wenyewe, baada ya miaka kadhaa itatuambia kama ardhi inapanda au inashuka. Ukipata nafasi ya kuchagua mahali pa utafiti, usikimbilie Mererani kwa sababu kuna vito. Njoo Kibiti, uje na futi kamba na viatu vya mpira, na ukae msimu mzima.